Uso wa Nyumba na Kazi ya Daraja

Katika Brooklyn, iliyokuwa mji wenye mamlaka yake mpaka ilipounganishwa na New York katika mwaka wa 1898, uko mtaa wenye sifa kubwa kwa sababu ya nyumba zake, na kando yake uko mfereji wenye sifa mbaya kwa sababu ya maji yake. Mtaa huitwa Carroll Gardens. Mfereji huitwa Gowanus. Kutoka vizingiti vya nyumba zile hata ukingo wa mfereji ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, lakini katika fikira za wengi waandikao habari za mji ule umbali wake ni kama wa pepo na jahanamu. Nyumba husifiwa, huchorwa, na hununuliwa kwa mamilioni ya dola. Madaraja ya mfereji, ambayo hufunguka ili kupisha vyombo, hutajwa kama vitu vya kuchekesha, au hayatajwi kabisa.

Utengano huu ni kosa, na kosa lenyewe si la wapita njia peke yao. Limeingia katika sheria, katika vitabu vya wasanifu wa majengo, na katika majadiliano ya watu wa nia njema waliojitolea kuokoa majengo ya kale. Watu hao wamefanya mema mengi, na haki yao itatajwa mahali pake. Lakini wameufundisha mji kupenda sura na kusahau kazi. Na mji uliozoea mapenzi ya namna hiyo huishia kuilinda ngozi huku mifupa ikitupwa.

Yafaa kwanza iulizwe nyumba zile zilifikaje pale. Kabla ya katikati ya karne ya kumi na tisa Gowanus ilikuwa hori la maji ya chumvi lililopita baina ya vinamasi, lenye chaza wengi, na vinu vya kusagia nafaka vilivyoendeshwa kwa kujaa na kupwa kwa maji. Katika mwaka wa 1849 Baraza la Kutunga Sheria la jimbo la New York lilitoa idhini hori lile lichimbwe liwe mfereji. Na kufika mwisho wa miaka ya 1860 sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha. Urefu wake ni kiasi cha maili 1.8. Ndani yake yalipita matishali ya makaa, mbao, matofali, mchanga, na mawe. Mawe hayo ya kahawia, yaliyochimbwa katika majimbo ya jirani, yalipakuliwa gatini, yakapandishwa kwa mikokoteni mpaka viwanja vilivyokuwa vitupu, yakawa nyumba. Mtu anayesimama leo katika barabara za juu akaziba pua kwa harufu ya mfereji anauzibia pua mlango uliopitisha nyumba yake.

Wala wenye mali wa zamani zile hawakuona utengano uonekanao leo. Edwin Litchfield, ambaye kampuni yake iliitwa Brooklyn Improvement Company, alikuwa na ardhi ya chini kando ya mfereji na ardhi ya juu kwenye mteremko ambao sasa ni Park Slope. Huko juu alijenga jumba lake katika miaka ya 1850. Huko chini kampuni yake ilichimba magati na kuuza viwanja vya viwanda. Kwake yeye mfereji na nyumba vilikuwa biashara moja, na faida ya kimoja ilitegemea kingine. Alikuwa mfanya biashara, si mwanafalsafa. Lakini katika jambo hili aliona mbali kuliko wapenzi wengi wa majengo waliokuja baada yake.

Sasa na litazamwe jiwe lenyewe, maana sifa yake imezidi ukweli wake. Ni jiwe la mchanga, na rangi yake hutoka katika chuma kilicho ndani yake, chuma kilichoshika kutu zama za kale. Machimbo yaliyosifika zaidi yalikuwa Portland, katika jimbo la Connecticut. Mengine yalikuwa New Jersey. Likiwa bichi, yaani likiwa limetoka tu machimboni, ni laini na huchongeka upesi. Na mashine za mvuke zilipoingia katika kazi ya kukata na kuchonga, bei yake ilishuka mpaka familia za tabaka la kati zikaweza kuwa na milango yenye mapambo yaliyofanana na ya majumba ya matajiri. Hilo halikuwa jambo baya. Lakini nyumba ya jiwe la kahawia si nyumba ya jiwe. Ni nyumba ya matofali iliyovikwa bamba la jiwe lenye unene wa inchi 4 mpaka 6 hivi, tena upande wa barabarani tu. Mtu akizunguka nyuma, matofali humkabili yakiwa matupu. Safu nzima ya nyumba kumi au ishirini ilijengwa kwa pamoja na mjenzi asiyejua nani atakayekaa humo. Alijenga ili auze, na alivika uso wa kila nyumba kama mwenye duka apangavyo matunda mazuri juu ya kapu.

Tena hata bamba hilo mara nyingi liliwekwa vibaya. Jiwe la mchanga limepangika kwa matabaka, kama kurasa za kitabu. Mwashi mwangalifu hulilaza kama lilivyokuwa limelala ardhini, matabaka yake yakitazama juu na chini, ili uzito wa ukuta uyabane. Lakini bamba jembamba hukatwa kwa urahisi zaidi likifuata matabaka, na likisimamishwa ukutani kurasa zake huelekea barabarani. Maji ya mvua hupenya baina ya ukurasa na ukurasa, baridi ya Januari huyagandisha, barafu hutanuka, na ukurasa wa mbele hubanduka. Ndiyo sababu nyumba nyingi zilianza kumenyuka uso kabla wajukuu wa wajenzi hawajazeeka. Machimbo ya Portland nayo yalifurika maji katika miaka ya 1930, na uchimbaji mkubwa ukakoma. Fundi wa leo anapoitwa kuutengeneza uso wa nyumba ya namna hiyo, kwa kawaida hukwangua jiwe lililooza, akapaka saruji iliyotiwa rangi, akaichonga ikiwa mbichi mpaka ifanane na jiwe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jiwe la kahawia linalosifiwa katika mitaa ile ni saruji ya kahawia.

Liko jambo la kuchekesha hapa. Karibu na mfereji, kwenye kona ya Third Street na Third Avenue, limesimama jengo la kampuni iliyotengeneza mawe ya zege katika miaka ya 1870, kampuni iliyofuata ufundi wa Mfaransa Coignet. Jengo lile lilijengwa ili liwe tangazo la bidhaa hiyo, nalo husema wazi kuwa ni jiwe la kutengenezwa na mikono ya watu. Kwa miaka mingi liliachwa lichakae, na liliandikwa katika orodha ya kumbukumbu za mji katika mwaka wa 2006 tu, huku nyumba za kilimani zilizopakwa saruji zikipewa heshima hiyo zaidi ya miaka thelathini kabla yake. Zege lililokiri kuwa zege lilingoja. Saruji iliyojifanya jiwe ikatangulia.

Haya hayasemwi ili nyumba zile zidharauliwe. Zina uzuri wa kweli, lakini uzuri huo hauko mahali unapotafutwa. Uko katika mpango wa mtaa: sheria ya mwaka wa 1846, iliyofuata mpango wa mpima ardhi Richard Butts, iliamuru katika baadhi ya barabara za Carroll Gardens kwamba nyumba zirudi nyuma na kuacha ua mbele yake wenye kina cha futi 33 na zaidi kidogo. Uko pia katika ngazi ndefu za mbele, zinazoketiwa jioni kama baraza, ambapo mzee anayekula hewa humwona kila apitaye, na mtoto hawezi kufanya utukutu pasipo habari kumfikia mama yake. Ua na ngazi ni vitu vya matumizi. Viliwekwa ili watu waishi pamoja kwa staha, na sifa yake haibanduki kwa barafu.

Na sasa daraja. Barabara ya Carroll Street, baada ya kupita baina ya nyua zile, huteremka mpaka mfereji na kuvuka juu ya daraja lililofunguliwa katika mwaka wa 1889. Lilijengwa na mji wa Brooklyn wenyewe, Robert Van Buren akiwa mhandisi mkuu, na urefu wake ni futi 107. Daraja hili haliinuki wala halizunguki, hurudi nyuma. Chombo kinapotaka kupita, huvutwa kwa nyaya za chuma, likaviringika juu ya magurudumu na reli, likaondoka kwa mshazari mpaka likapumzika juu ya nchi kavu. Hapo kwanza nguvu yake ilitoka katika injini ya mvuke, baadaye umeme. Madaraja ya namna hii yaliyobaki Marekani ni machache mno, hata huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Jingine liko katika mji uo huo, Borden Avenue katika Queens, la mwaka wa 1908.

Kwa nini likajengwa hivyo? Daraja la kuzunguka huhitaji nguzo katikati ya maji, na mfereji mwembamba haukuweza kutoa nafasi hiyo bila ya kuwazuia wenye vyombo. Daraja la kurudi nyuma huacha mlango mzima wazi. Kila sehemu yake ipo kwa sababu, na sababu huonekana kwa macho: magurudumu yanaonekana, reli zinaonekana, na kibanda cha matofali cha mwendeshaji hakijifichi. Mwanafunzi wa usanifu anayetaka kujua maana ya ukweli katika ujenzi angefaidika zaidi kwa kulitazama saa moja likifunguka kuliko kwa kuzisoma pambo moja moja milango yote ya Brooklyn. Na liko tangazo lililohifadhiwa pale, lililoandikwa kwa amri ya mji, ya kuwa mtu atakayeendesha juu ya daraja kwa kasi iliyozidi mwendo wa farasi atembeaye atatozwa dola 5. Mji ulioandika amri ile ulikuwa Brooklyn, mji ambao haupo tena. Amri yake imeishi kuliko mamlaka yake.

Madaraja mengine ya mfereji yana tabia zake. La Union Street na la Third Street, yote mawili ya mwaka wa 1905, huinuka kwa mbawa. La Ninth Street lilijengwa upya katika mwaka wa 1999, nalo hupanda zima zima likiwa limelala, kama kitanda kinyanyuliwacho kwa pembe zake nne. Ndani ya maili mbili mtu anaweza kuona karibu namna zote ambazo wahandisi wamezibuni za kuipisha merikebu bila ya kuizuia barabara. Hapana chuo kinachoweza kununua mkusanyo wa namna hiyo.

Lakini hoja iliyo nzito kupita ya ufundi ni ya watu. Kaskazini ya mfereji, katika mtaa uliokuwa ukiitwa North Gowanus, walikaa tangu miaka ya 1920 mafundi chuma wa kabila la Wamohawk, wenyeji wa Kahnawake karibu na Montreal katika Kanada. Wazee wao walianza kazi ya chuma katika mwaka wa 1886, ilipojengwa reli ya kuvuka mto St. Lawrence karibu na kijiji chao. Na katika mwaka wa 1907, daraja la Quebec lilipoanguka likiwa bado kujengwa, wanaume 33 wa Kahnawake walikufa siku moja. Msiba ule haukuwaondoa katika kazi. Walikwenda New York wakasimamisha chuma cha majumba marefu na madaraja makubwa, na usiku walilala katika nyumba za jiwe la kahawia zilizokwisha kukatwa vyumba vya kupangisha. Wanawake wao waliendesha nyumba za kulaza wageni na kupika chakula cha nyumbani kwao. Mchungaji wa kanisa la Cuyler, David Cory, alijifunza Kimohawk ili aongoze ibada kwa lugha ya waumini wake. Ni heshima ambayo wahamiaji wachache wameipata katika mji wo wote.

Basi, wajenzi wa madaraja walikuwa wapangaji wa nyumba. Upande mwingine wa mfereji walikaa Waitaliani, wengi wao makuli wa bandari, na baadaye watu wa Puerto Rico. Hao ndio waliozishika nyumba zile zisianguke wakati benki zilipokataa kukopesha fedha kwa rehani katika mitaa hiyo, baada ya ramani za miaka ya 1930 kuipaka rangi za hatari mitaa ya watu maskini. Walipaka rangi, walitia mabomba, waligawa vyumba, walipanda mitini na mizabibu uani. Historia inayosema kuwa nyumba hizo zilikuwa zimekufa mpaka wanunuzi wa miaka ya 1960 walipozifufua ni historia iliyoandikwa na wanunuzi.

Na walipokuja, kwanza walibadili majina. North Gowanus ikawa Boerum Hill, kwa ukoo wa wakulima wa Kiholanzi wa zama za ukoloni. Sehemu iliyohesabiwa kuwa ya Red Hook au South Brooklyn ikawa Carroll Gardens. Jina Carroll lenyewe ni la Charles Carroll wa Maryland, mmoja wa waliotia sahihi tangazo la uhuru wa Marekani, na bwana wa watumwa wengi. Jina la hori lilifaa kwa maji na kwa viwanda. Halikufaa tena kwa nyumba, kwa maana lilikuwa na harufu. Wamohawk hawakungoja kuona mwisho wa mambo: baada ya daraja la Verrazzano kufunguliwa katika mwaka wa 1964, na barabara kuu ya kaskazini kukamilika miaka michache baadaye, wengi walirudi kukaa Kahnawake na kusafiri kwa kazi. Walioondoka kwa hiari yao walikuwa na bahati. Wapangaji wengine waliondolewa na kodi.

Haki lazima itolewe kwa wahifadhi. Walisimama katika wakati wa hatari. Robert Moses alipitisha barabara kuu katika mitaa hii katika miaka ya 1940 na ya 1950. Na msomaji apime jinsi alivyoipitisha. Katika Brooklyn Heights, walikokaa wenye fedha na sauti, barabara iliwekwa kwa ngazi chini ya ukingo wa kilima, na juu yake likajengwa tuta la matembezi lililofunguliwa katika mwaka wa 1950. Walikokaa makuli, kando ya Hicks Street, barabara ilichimbwa kama handaki la wazi, likawatenga na gati walizofanyia kazi. Baadaye kituo cha reli cha Pennsylvania kilianza kubomolewa katika mwaka wa 1963, na mji mzima ukashtuka. Sheria ya kuhifadhi kumbukumbu ilitiwa sahihi na Meya Robert Wagner katika mwezi wa Aprili, 1965, na Brooklyn Heights ikawa wilaya ya kwanza kuhifadhiwa mwaka uo huo. Sehemu ya Carroll Gardens na sehemu ya Boerum Hill zilifuata katika mwaka wa 1973. Pasipo watu wale huenda mitaa mizima ingalifanywa vifusi, na kuwakebehi kwa starehe ya leo ni utovu wa adabu.

Lakini sheria waliyoipata ni sheria ya uso. Kwa nyumba ya kukaa, hutawala upande wa nje: mlango, dirisha, ngazi, rangi. Ndani, mwenye nyumba aweza kuvunja kila ukuta wa zamani; na mpangaji wa miaka arobaini aweza kutolewa Jumatatu bila ya tume kuulizwa neno, kwa kuwa mpangaji si sehemu ya jengo. Yamkini hakuna aliyekusudia hivyo. Hata hivyo, ndivyo ilivyokuwa: uso ulihifadhiwa barabara, na kwa sababu ulihifadhiwa bei ilipanda, na kwa sababu bei ilipanda watu waliokuwa nyuma ya uso ule wakaondoka.

Daraja la Carroll Street nalo liliandikwa katika orodha ya kumbukumbu katika mwaka wa 1987, wakati lilipokuwa limefungwa kwa ubovu tangu 1985. Lilitengenezwa, likafunguliwa tena katika mwaka wa 1989, mwaka wa mia wa umri wake. Lakini tazama tofauti. Orodha yaweza kukataza daraja lisibadilishwe sura. Kinacholidai lifunguke ni sheria nyingine kabisa, kanuni za serikali kuu juu ya njia za maji, zinazotaka madaraja ya mfereji yafunguliwe kwa chombo kilichotoa habari mapema. Lingeachiwa sheria ya uso peke yake, lingaliweza kupakwa rangi, kufungwa kwa misumari, na kuwa pambo. Linaloliweka hai ni haki ya nahodha wa tishali, mtu ambaye hajapata kualikwa katika mkutano wa wapenzi wa majengo.

Wapo wasemao: mfereji ni takataka, vyombo vimekwisha, madaraja ya kufunguka ni gharama na usumbufu; yafungwe, au pajengwe madaraja ya kudumu. Ni kweli kuwa uchafu ni mkubwa. Viwanda vitatu vya kutengeneza gesi kwa makaa viliacha lami chini ya matope, na mifereji ya mji ilimwaga maji machafu kila mvua kubwa iliponyesha. Pampu na handaki la kuingiza maji safi vilivyofunguliwa katika mwaka wa 1911 viliharibika katika miaka ya 1960, na vikakaa bila ya kazi mpaka 1999. Nani aliyeviacha? Miaka hiyo hiyo ambayo nyumba zilikuwa zikipewa majina mapya na sheria mpya, chombo kimoja ambacho kingeusafisha mfereji kilikuwa kimelala kimya, umbali wa barabara chache tu. Katika mwaka wa 2010 serikali kuu iliuandika mfereji katika orodha ya mahali palipochafuka kupita kiasi. Na kuzoa matope kwenyewe kulianza mwishoni mwa mwaka wa 2020.

Na matope yale yalizolewa kwa nini? Kwa vyombo vya maji. Mitambo ilielea, matishali yalibeba, na madaraja ya zamani yalitakiwa kuyapisha. Kama wasemao hivyo wangalisikilizwa miaka ishirini kabla, na madaraja ya kudumu yakajengwa, kazi ya kuusafisha mfereji ingalikuwa ngumu maradufu. Madaraja yaliyoitwa usumbufu yakawa mlango wa dawa. Ama kuhusu gharama, hakuna anayeuliza gharama ya kupaka saruji nyuso za nyumba elfu. Huitwa heshima kwa mambo ya kale. Kutia mafuta magurudumu ya daraja huitwa upotevu. Na kuhusu kungoja, dereva anayengoja dakika kumi tishali ipite yuko katika hali ile ile iliyotazamiwa na amri ya dola 5: ametakiwa aende polepole mahali ambapo watu wengine pia wana safari zao.

Jambo hili halikubali kucheleweshwa. Katika mwezi wa Novemba, 2021, Baraza la Mji liliidhinisha mpango mpya wa ardhi katika vitalu 82 kandokando ya mfereji, unaotazamiwa kuleta makao kiasi cha 8,500, na kiasi cha 3,000 kati ya hayo kwa kodi iliyopunguzwa. Makao yanahitajika, na anayeyapinga ili asizuiwe kuliona jua katika dirisha lake la kahawia hana hoja. Lakini kabla ya mpango ule, majengo ya kazi yaliyoandikwa katika orodha ya kumbukumbu kwa ajili yake, mwaka wa 2019, yalikuwa matano. Matano, katika bonde zima la viwanda! Ghala la nafaka la S. W. Bowne, lililosimama karibu na mlango wa mfereji, liliungua katika mwaka wa 2018, na mwaka uliofuata likabomolewa. Kwa nyumba, mji ulihifadhi safu kwa safu, hata zile zinazofanana kama mapacha. Kwa kazi, umechagua moja moja, kama mtu achukuaye kumbukumbu kutoka nyumba ya marehemu asiyempenda.

Yanayoweza kudaiwa si makubwa. Tume ikiandika daraja katika orodha yake, iandike na mwendo wake: magurudumu, reli, nyaya, kibanda, na mtu wa kuviendesha. Siku za kufunguliwa zitangazwe, ili wanafunzi wa mitaa ile waende kuangalia. Magati yaliyobaki yasizibwe yote kwa bustani za kutembelea, maana bustani isiyo na mahali pa kufunga kamba imekata shauri kwa niaba ya vizazi vijavyo kwamba hakuna chombo kitakachokuja. Na katika makao yale 3,000 watafutwe kwanza wapangaji walioondolewa katika nyumba za kilimani, na jina la North Gowanus lirudishwe katika vibao vya barabara hata kama halipendezi masikioni mwa madalali. Minara mipya inasimamishwa hatua chache kutoka majini, na chuma, saruji na mchanga wake ni mzigo ule ule ambao mfereji ulichimbwa ili uubebe. Tishali moja huchukua mzigo wa malori mengi. Kila lori linalopandisha mzigo huo kwa kupitia Carroll Street hutikisa nyumba zile zile zinazosemwa kuwa zimehifadhiwa, na kila mtikiso hulegeza ukurasa mmoja wa jiwe.